Laktomita ikisoma chini, uliza joto kwanza

Wafugaji wenzangu wa Bahi, Chamwino na Kongwa mnaouzia wasindikaji: laktomita (kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wake) ikisoma 25 pale mapokezi, usikimbilie kugombana, na msindikaji naye asikimbilie kusema umetia maji. Ulizeni maziwa yana joto gani. Laktomita nyingi zimetengenezwa kupima kwenye nyuzi 20 (zenu someni shingoni, imeandikwa). Maziwa yaliyopanda bodaboda jua la saa tano hapa kwetu yanaweza kufika na nyuzi 30, na kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2 kwenye namba ya laktomita. Basi 25 yako ni 27, na ya ng'ombe yanatakiwa kuwa kati ya 26 na 32.

Mimi nilirudishwa na keni nzima ya lita 20, nikaishia kugandisha mtindi nyumbani. Siku hizi natembea na kipimajoto changu, na tumekubaliana na mnunuzi namba zote mbili, ya laktomita na ya joto, ziingie daftarini, tusaini wote. Wenye kondoo, maziwa yenu ni mazito zaidi. Msikubali yapimwe kwa kiwango cha ng'ombe. Na msipime yakiwa ndiyo kwanza yamekamuliwa, ile hewa iliyomo inadanganya. Subirini nusu saa hivi.