Kabla mashine haijakupandishia programu, fuata njia ya nywila

Ukishaamua kwamba programu haitapandishwa tena kwenye seva kwa mkono, usikimbilie kuandika skripti (faili la amri ambazo mashine huzifuata). Aliyekuwa akiiandika nywila ya hifadhidata kwa vidole vyake sasa hayupo. Mashine lazima iikute mahali. Basi wewe ujue kila hatua ambayo nywila inapita.

Anzia kwenye historia ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo. Wengi huifuta nywila kwenye faili, wakafanya komiti mpya (badiliko lililohifadhiwa), wakadhani yamekwisha. Komiti ya zamani bado ipo, na `git log -p` huionyesha kwa yeyote aliyenakili ripo (hifadhi ya msimbo). Wala usitegemee kwamba ripo ni ya faragha: mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye ripo ya faragha ya Uber huko GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo, wakakuta funguo za huduma za seva za Amazon, wakachukua taarifa za watu milioni 57. Nywila iliyogusa Git hesabu imeshavuja. Ibadilishe kwanza, kusafisha historia kutafuata. Na `.env`, faili la kuwekea siri za programu, iingie kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git huyaacha, kabla ya komiti ya kwanza, kwa sababu faili ambalo Git imeshaanza kulifuatilia haliachwi kwa kuandikwa humo baadaye.

Logi, yaani kumbukumbu ya yale mashine inayofanya, ndiyo inayoniumiza zaidi, kwani huko nywila hutolewa na watu wema wenye haraka. Nimeshuhudia mtu akisaka hitilafu usiku, akaongeza `set -x`, amri inayochapisha kila hatua, juu ya skripti. Asubuhi nywila imelala kwenye logi mara tatu, herufi kwa herufi, na logi hiyo kila mwenye akaunti huisoma. GitHub inapoendesha skripti zako huweka nyota tatu badala ya siri kwenye logi, lakini hutegemea zaidi kuikuta siri kama ulivyoisajili. Ukiigeuza sura, huenda ikapita wazi. Kwenye Ansible, chombo cha kupanga seva kwa maagizo, kazi inayogusa nywila iandikie `no_log: true`, hata kama faili lenyewe umelifunga kwa Ansible Vault, kufuli lake la mafaili: kufunga faili hakuzuii kazi kutangaza kilichomo.

Kwenye Docker, chombo kinachofunga programu na vyote inavyohitaji ndani ya taswira moja, usiipitishe siri kwa maagizo ya `ARG` wala `ENV` unapoijenga taswira hiyo. Amri ya `docker history` huweza kuianika. Tumia `--mount=type=secret` kwenye agizo la `RUN`.

Kagua pia vipande vya msimbo wa watu wengine unavyovialika kwenye kazi ya mashine. Machi 2025, kipande kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumiwa na ripo zaidi ya 23,000, kilibadilishwa kikaanza kumwaga siri kwenye logi. Lebo za matoleo yake zilikuwa zimeelekezwa kwenye komiti yenye sumu. Kwa hiyo kitaje kipande kwa namba kamili ya komiti, usitaje toleo tu.

La mwisho ni zoezi. Januari 2023, CircleCI, huduma ya kujenga na kupandisha programu kwa mashine, iliwataka wateja wake wote wabadilishe siri zao zote. Siku kama hiyo isikukute hujajaribu. Chagueni siku ya kazi, saa ya mchana, wote mpo, mbadilishe nywila moja ya seva halisi, na mtu ashike saa aone inachukua dakika ngapi mpaka programu irudi kuitumia.