Karatasi za kwenda dago

Kila Januari na Februari, bahari ikitulia, madawati ya nyuma darasani kwangu hubaki matupu. Vijana wa gredi ya nane wameshakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, na baba zao. Wakirudi baada ya wiki tatu wanakuta wenzao wamefika mbali. Wanaona haya, na baada ya siku mbili hawaji tena. Mimi hufundisha hisabati huku visiwani Lamu, na nimeshuhudia haya hiyo ikimtoa mtoto shuleni zaidi kuliko dago lenyewe.

Mara ya kwanza nilimtolea kijana mmoja fotokopi ya sura nzima ya kitabu, kurasa 22, aende nazo dago asome huko. Ziliporudi zilikuwa zimefungiwa mahamri. Sikumlaumu. Ukurasa wa nne ulimtaka awe ameelewa wa tatu, na kule kambini hana wa kumuuliza.

Siku hizi kila karatasi yangu inajitegemea. Upande mmoja naweka mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, upande wa pili maswali matano. Usizidishe, mtu aliyevuta jarife usiku kucha hana nguvu ya maswali ishirini. Kama kuna jambo la nyuma ambalo lazima alikumbuke, liandike juu kwenye kona, mistari miwili tu. Wala usizipe karatasi namba. Akiiona namba 9 naye hajafanya 3, amekwisha kujihesabu ameachwa. Zangu nimezipa majina ya samaki: Tafi, Changu, Pono. Achague atakayo.

Maswali yatoe kwenye kazi yake. Uwiano naufundisha hivi: samaki wameuzwa shilingi 9,000, petroli imekula 1,800. Kinachobaki, nusu ni fungu la chombo, nusu wanagawana wavuvi watatu. Kila mmoja atapata ngapi? Wanaijua 1,200 kabla ya kushika kalamu, basi kazi inayobaki ni kuwaonyesha namna ya kuiandika. Saa nazo: maji yakijaa leo saa kumi alfajiri, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, keshokutwa yatajaa saa ngapi? Saa 11:40, na babu yake atamsahihisha akikosea.

Sasa maji ya chumvi. Maandishi ya printa ya wino huyeyuka yakipata maji, ya fotokopi hustahimili. Mpe penseli badala ya kalamu ya wino. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo mimi huzikunja karatasi ndani ya kopo la maziwa ya unga, lile ambalo kifuniko chake hubana sawasawa.

Msichana aliyejifungua ana shida nyingine: muda wake ni ule mtoto anapolala. Humrekodia sauti ya dakika tatu kwa WhatsApp, nikaituma baada ya isha, kaka yake mwenye simu akiwa amerudi nyumbani. Karatasi naipeleka mwenyewe, nikakaa kidogo na mama yake, kwa sababu wengi hawajui kwamba sera ya Kenya inamruhusu binti kurudi darasani baada ya kujifungua. Waambie mapema, kabla posa haijaingia.

Karatasi zilizojazwa hurudi na nahodha anayeleta samaki mjini. Kalamu nyekundu iweke kando. Andika mstari mmoja juu ya alichopatia na mmoja juu ya kilichomponyoka, basi. Siku atakaporudi, funza lile somo alilolifanya kule, umwite yeye ubaoni kwanza.

Msimu uliopita mmoja alinirudishia Pono ikiwa na swali la sita, ameliandika mwenyewe chini kabisa: injini ikiharibika baharini, pesa ya fundi inatoka fungu la nani? Tulilibishania kipindi kizima, hata kengele ya mapumziko hatukuisikia.