Kliniki ya macho wakati wa janga: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda au kubaki nyumbani

Korona ilipothibitishwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania siku tatu baadaye, wagonjwa wengi wa macho waliokuwa na tarehe ya kurudi kliniki hawakuahirisha. Walinyamaza tu. Kati ya kuahirisha na kunyamaza kuna umbali mkubwa. Anayeahirisha amezungumza na mtu wa kliniki, ameulizwa hali yake, amepewa tarehe nyingine na ameambiwa dalili zipi zikitokea asiingoje tarehe hiyo. Anayenyamaza hana hata moja kati ya hayo. Faili lake limelala kabatini, chupa ya dawa inaisha, na ugonjwa ndani ya jicho unaendelea bila kujali habari za redioni.

Swali la kwenda kliniki au kubaki nyumbani litarudi. Homa ya Marburg imezuka Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na tena 2025, Uganda imepata Ebola mwaka 2022 na 2025, na mpox (homa ya nyani) ilitangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024. Ni vyema kulifikiria mapema, kichwa kikiwa kimetulia, kuliko usiku wa kuamkia siku ya kliniki.

Nianze kwa kukiri kwamba hofu ya kwenda ina msingi. Huko Wuhan, daktari wa macho Li Wenliang, aliyewatahadharisha wenzake kuhusu ugonjwa huo tarehe 30 Desemba 2019, aliambukizwa kazini, na mwenyewe aliamini aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya macho ambaye hakuwa na dalili zozote. Alifariki tarehe 7 Februari 2020. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupimwa: unaweka kidevu kwenye ile mashine yenye mwanga mwembamba, daktari naye anaweka jicho upande wa pili, na kati ya pua yako na yake hakuna zaidi ya urefu wa rula ya mwanafunzi. Ndiyo maana kliniki nyingi zilifunga kikinga cha plastiki kwenye mashine hizo na kuwaomba wagonjwa wasiongee wakiwa wameinamia pale. Kwa hiyo hatari ipo. Kazi yako ni kuipima dhidi ya hatari ya pili, ile ya kubaki nyumbani, na hiyo inategemea jambo moja kubwa kuliko yote: ugonjwa wako unaitwaje, na unachukua nini ambacho hakirudi.

Jua jina la ugonjwa wako

Watu wengi husema "nina shida ya macho" na hawawezi kuendelea zaidi ya hapo. Siwalaumu, maana mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Lakini bila jina, hata mtu wa mapokezi akipokea simu hawezi kukusaidia. Toa kadi yako, soma kilichoandikwa, na kama mwandiko hausomeki, piga picha umtumie mhudumu wa afya unayemfahamu akusomee.

Zipo hali ambazo hazina mjadala: unakwenda siku hiyo hiyo, janga liwepo lisiwepo, miadi uwe nayo usiwe nayo. Jicho kuzima ghafla, hata kama haliumi. Kuona mimweko ya mwanga na vidoa vingi vyeusi vilivyoanza kwa pamoja, au kitu kama pazia kinachofunika upande mmoja; hapo retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaweza kuwa inabanduka, na saa chache huamua kama utaendelea kusoma. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa kinagonga, unatapika na unaona duara za rangi kuzunguka taa. Hii ya mwisho naitilia mkazo, kwa sababu kichwa na kutapika humfanya mtu ameze dawa ya malaria na kulala, kumbe ni presha ya macho iliyopanda ghafla. Jicho lililochomwa na mwiba, chuma au kipande cha kioo. Kemikali kama chokaa au asidi ya betri: kwanza osha kwa maji safi yanayotiririka, nusu saa nzima, ndipo utafute usafiri. Na kama umefanyiwa upasuaji au kuchomwa sindano ya jicho siku za karibuni, kisha jicho likaanza kuuma na kuona kukapungua, usisubiri kesho.

Watoto nawaweka peke yao. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa flashi ya simu, au makengeza yaliyoanza ghafla, inaweza kuwa saratani ya jicho, na saratani hiyo hula jicho kisha maisha. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho naye hana muda, kwa sababu ubongo wake unajifunza kuona katika miezi ile ile ya mwanzo, na usipopata picha safi hautajifunza baadaye. Mtoto aliyezaliwa njiti akipewa tarehe ya kupimwa retina, tarehe hiyo ina maana yake. Dirisha la kumtibu ni la wiki chache.

Kundi linalofuata si la kukimbia usiku, lakini pia si la kusogezwa miezi sita. Humo wamo wanaochomwa sindano za jicho kwa sababu ya kuvuja damu au maji katikati ya retina, iwe ni kwa uzee au kisukari. Sindano hizi mara nyingi huanza kwa kupewa kila mwezi, na zikikatika, uwezo wa kuona unaopotea huenda usirudi hata sindano zikianza tena. Uingereza mwaka 2020, wakati kliniki nyingine nyingi za macho zilipofungwa, chama cha madaktari wa macho kilishauri sindano za wanaovuja kwa sababu ya uzee ziendelee, ingawa kwa nafasi ndefu zaidi kati ya moja na nyingine.

Presha ya macho, yaani glakoma, ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote. Haiumi. Inaanza kula pembeni, na ubongo unajaza mapengo, hivyo mgonjwa anaapa kwamba anaona vizuri hadi siku anapoanza kugonga milango. Kilicholiwa hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Kwetu Waafrika huanza mapema na kuwa kali zaidi. Basi swali si "je, najisikia vizuri?" Swali ni vipimo vya mwisho vilisemaje. Kama mara ya mwisho presha ilikuwa imetulia na dawa unazo, kusogeza mbele kwa miezi michache kunaweza kukubalika, daktari akisema hivyo. Kama ilikuwa bado inapanda, dawa imebadilishwa juzi, au umetoka kufanyiwa upasuaji, nenda. Na kumbuka kwamba vidonge vya presha ya damu havitibu presha ya jicho. Usifikiri kimoja kinafidia kingine.

Mtoto wa jicho kwa mtu mzima, kubadilisha miwani, macho kuwasha kwa vumbi: haya husubiri. Tarehe 18 Machi 2020 chama cha madaktari wa macho cha Marekani kiliwataka wanachama wake wasimamishe huduma zote isipokuwa za haraka na za dharura, na upasuaji wa kawaida wa mtoto wa jicho ukasogezwa. Ila mtoto wa jicho aliyekomaa sana akaanza kuleta maumivu na wekundu amehama kundi.

Halafu kuna jambo linalobadilisha hesabu nzima. Kama unaonea jicho moja tu, lile lingine lilishapotea, jihesabu kundi la juu kuliko ugonjwa wako unavyosema. Taja hilo mapema ukipiga simu, kabla ya jambo lingine lolote.

Upande wa pili wa mizani ni mwili wako

Umri mkubwa, kisukari, presha ya damu, ugonjwa wa figo, dawa zinazoshusha kinga: yote hayo yalimfanya mtu aumie zaidi kwa korona. Mwenye kisukari yuko pabaya pande zote mbili, kwa sababu sukari hiyo hiyo ndiyo inayoharibu retina. Kwake, kama picha ya retina ya mwaka jana ilikuwa safi, kusubiri kidogo si kosa, na kazi kubwa iwe kushusha sukari nyumbani. Kama aliambiwa kuna mishipa inayovuja au anahitaji leza, aende, akichagua saa ambayo kliniki haina watu wengi.

Kama una homa au kikohozi, usiende kimya kimya. Piga simu. Ikiwa ni dharura ya jicho, nenda lakini useme getini, ili wakupokee pembeni.

Piga simu kabla ya kuamua

Andaa karatasi: jina la ugonjwa, dawa unazotumia na saa zake, tarehe ya mwisho ulipopimwa, na kilichobadilika tangu hapo. Usiulize "nije au nisije?" peke yake, kwa sababu jibu litakuwa la haraka. Uliza jicho langu linaweza kusubiri kwa muda gani bila madhara. Uliza kama dawa zinaweza kuandikwa upya bila kuonana. Uliza kama kuna kituo cha karibu kinachoweza kupima presha ya jicho tu. Hospitali nyingi za kaunti na za mkoa zina watumishi waliosomea macho, na si lazima upande basi hadi Muhimbili au Nairobi kwa kipimo cha dakika chache. Aprili 2020, serikali ya Kenya ilipozuia kutoka na kuingia Nairobi, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi, mtu wa Voi aliyezoea kutibiwa macho Mombasa alikuta barabara imefungwa mbele yake. Jua kituo chako cha pili kabla njia haijafungwa.

Ukisubiri nyumbani, jipime. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibana, soma kalenda ya ukutani ukiwa umesimama mahali pale pale, kisha badili jicho. Watu wengi hupoteza jicho moja bila kujua kwa sababu la pili linawabeba. Kwa katikati ya retina, tazama nondo za dirisha au daftari la hesabu lenye miraba: mistari ikipinda au sehemu ikifutika, hiyo ni habari ya kupeleka kliniki wiki hiyo hiyo. Programu ya simu ya Peek Acuity nayo hupima uwezo wa kuona wa mbali. Lakini hakuna kati ya hivi kinachogundua glakoma inapozidi, asikudanganye mtu.

Dawa zisikatike. Nunua chupa inayofuata wiki mbili kabla hii haijaisha, kwa sababu janga huchelewesha mizigo. Latanoprost, dawa ya matone ya glakoma, ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Ikifunguliwa huvumilia chumba kisicho na joto kali kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi ya gari. Ukitia tone, funga jicho na ubonyeze kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa ibaki jichoni isishuke kooni. Usimwazime jirani. Usinunue duka la dawa matone yenye betamethasone au dexamethasone kwa sababu yalimsaidia binamu. Hizo ni steroidi, zinaweza kupandisha presha ya jicho na kukichochea kidonda cha fangasi. Na tafadhali, maziwa, asali, maji ya majani na mkojo visiguse jicho.

Ukiamua kwenda

Hesabu saa. Ukitiwa dawa ya kupanua mboni, karibu kila kitu kitakuwa na ukungu na mwanga utakuumiza kwa saa nne hadi sita, na huwezi kuendesha gari wala pikipiki. Wakati wa kafyu ya Kenya iliyoanza 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni, mgonjwa aliyepimwa alasiri alijikuta anatafuta matatu akiwa haoni vizuri huku polisi wakikaribia barabarani. Omba nafasi ya asubuhi. Beba kofia au miwani ya jua, na kadi ya kliniki iwe mfukoni, si chini kabisa ya mkoba, kwa ajili ya kizuizi cha polisi.

Msindikizaji awe mmoja, mwenye afya, anayejua dawa zako. Keti karibu na dirisha, kwenye gari na kwenye benchi. Beba kalamu yako na maji ya kunywa. Barakoa ikae vizuri juu ya pua, na ukifanyiwa kipimo cha uwanja wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga, omba ukingo wa juu wa barakoa ubandikwe kwa plasta. Pumzi ikipanda huleta ukungu kwenye lenzi, na matokeo yataonyesha upofu ambao huna.

Kabla hujatoka, hakikisha kadi imeandikwa tarehe ya kurudi, matokeo ya kila jicho, na namba ya simu ambayo kuna mtu anayeipokea. Ipige ukiwa bado pale pale, uisikie ikiita.