Jinsi ya kusoma seli za kinga kwenye saratani iliyohamia ini

Tuchukue saratani ya utumbo mpana. Damu itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini, kwa hiyo saratani hii hupenda kutua humo. Mezani una kipande cha nyama kutoka upasuaji. Swali ni moja: seli za kinga zimeingia kwenye uvimbe, au zimekwama nje?

1. Chagua bloku (kipande cha nyama kilichowekwa kwenye nta) yenye ukingo wa uvimbe. Iwe na uvimbe na ini lisilo na saratani kando yake. Katikati ya uvimbe mara nyingi kumeshakufa. Hapo utapoteza muda.

2. Kata vipande vya mikroni 3 hadi 4, vifuatane. Kimoja cha H&E (rangi ya kawaida inayoonyesha umbo la seli), kimoja alama ya CD3 (iliyo kwenye seli T zote, aina ya seli za kinga), kimoja CD8 (seli T zinazoua), kimoja CD68 (makrofeji, seli za kinga zinazomeza). Ongeza kimoja kisichotiwa kingamwili ya kwanza (ile inayoshika alama), na hicho usikiruke hata kama vitendanishi vimebaki kidogo. Seli za ini hulimbikiza lipofusini (mabaki ya ndani ya seli) kadiri mtu anavyozeeka, nayo ni ya kahawia, sawa na DAB, rangi inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika. Nilipokuwa mgeni kazini nilihesabu lipofusini nusu saa nzima nikidhani ni makrofeji. Mkubwa wangu aliniwekea tu kile kipande kitupu chini ya hadubini: vidoadoa vilevile, mahali palepale.

3. Anza na lenzi ndogo, ufuate ukingo. Ukiona utepe wa kovu kati ya uvimbe na ini, tazamia CD8 kujazana humo. Ukiona seli za saratani zimekalia nafasi za seli za ini bila kovu lolote, kwa kawaida seli T ni chache, na hali ya mgonjwa huelekea kuwa mbaya zaidi.

4. Panda lenzi ya 40, uhesabu. Zilizo kwenye kovu hesabu kivyake, zilizo katikati ya seli za saratani kivyake. Usizijumlishe, zilizosimama mlangoni hazijaingia.

5. Geukia CD68. Seli za Kupffer ni makrofeji wenyeji wa ini, zimelala ndani ya vijishipa, usiziite wavamizi. Ila makrofeji si watazamaji tu: utafiti wa panya wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa za kwenye ini lenye saratani huziua seli T kwa njia ya Fas (protini inayopokea amri ya seli kujiua). Slaidi haitakuthibitishia hilo.

6. Andika ripoti kwa mahali. Mfano: “CD8 nyingi kwenye kovu la ukingoni, chache sana ndani ya uvimbe.”