Mshahara umepungua na kadi ya mkopo bado inadai? Anza hapa

Kama mmoja wenu nyumbani amepunguzwa kazi, hiyo kadi acha kuitumia leo, itoe hata kwenye app za simu, na usithubutu kutoa keshi ATM nayo maana riba inaanza siku hiyohiyo. Rent, chakula, stima na fare zilipwe kwanza. Halafu nenda benki kabla hujachelewa kulipa, usingoje wakupigie, omba deni ligeuzwe liwe mkopo wa kawaida wa miezi 24 au 36 na wakikubali wakupe kwa maandishi. Mbona nasisitiza? Ukidaiwa 50,000 kwa riba ya 3% kwa mwezi, riba peke yake ni 1,500, sasa ukilipa 2,500, tuseme ndiyo kiasi cha chini kabisa benki inachotaka kila mwezi, deni limeshuka 1,000 tu jamani! Na tafadhali usikope kwa simu ndio ulipe kadi.

Huku Kenya kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, mkopo ukishakuwa mbovu (yaani umekaa muda mrefu bila kulipwa) riba haiwezi kupita deni la msingi, yaani pesa yenyewe uliyokopa bila riba, lililokuwa limebaki wakati huo, kwa hiyo ukiona bili imevimba waulize hesabu wameifanyaje.