Kugandisha mtindi wenye bakteria hai bila kipimajoto

Bakteria wa mtindi wanalisaidia tumbo wakifika humo wakiwa hai. Kwa hiyo kila unachofanya jikoni, fanya ukiwafikiria wao.

Yachuje maziwa mabichi, lita moja, uyachemshe. Usiyaache yagande mabichi hata kama anayekuletea hapa Chake Chake unamwamini: yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela, na homa yake huwa ndefu. Tena maziwa yaliyochemka vizuri hutoa mtindi mzito.

Sasa yapoe, na hapa pana kazi kweli. Bakteria wenyewe wa mtindi, Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, hustawi kwenye joto la nyuzi 40 hadi 45. Ukitia mbegu maziwa yakiwa bado yanafuka moshi, utawaua. Chota kwa upawa safi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono: liwe moto unaovumilika, lisiunguze.

Mbegu ni vijiko viwili vya mtindi usio na sukari, ambao haukupashwa moto baada ya kuganda. Uvuruge kwanza na maziwa kidogo bakulini, kisha umimine sufuriani. Funika, uzungushie kanga mbili tatu, uache saa sita hadi nane bila kuutikisa. Wakati wa kipupwe ongeza blanketi.

Humo ndani bakteria wanakula sukari ya maziwa, laktosi, na kutoa asidi inayogandisha protini. Inamisha sufuria kidogo: mtindi uliokamilika huachana na ukingo kwa pamoja, na pembeni hujitenga maji ya kijani-njano. Usiyamwage hayo, ni chakula.

Ndiyo maana mtu ambaye maziwa freshi humjaza gesi mara nyingi huuvumilia mtindi. Laktosi imepungua, na bakteria wanaingia na kimeng'enya kinachoendelea kuivunja ndani ya utumbo mdogo. Hawakai humo muda mrefu, kwa hiyo kikombe kidogo kila siku ni bora kuliko bakuli zima siku ya Ijumaa. Ule kwa muhogo, ule wakati wa daku, lakini usiupike, ukichemka wamekufa.

Hifadhi kwenye friji, na mbegu ya safari ijayo itenge kabla hamjaanza kula.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki kwanza, umpeleke kituo cha afya; mtindi haurudishi maji yaliyopotea. Aliye chini ya miezi sita asipewe mtindi; chakula chake ni maziwa ya mama tu.