Maji ya 18.2: kuyapata na kuyatumia kwenye maabara ya Mombasa

Maji safi kabisa ya maabara, yale ya daraja la kwanza, hutambulishwa kwa namba moja: ukinzani wa umeme wa megaohm-sentimita 18.2 kwenye nyuzi 25. Namba hiyo huhesabu ayoni peke yake, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Bakteria haiwaoni, vimeng'enya vinavyokata RNA haivioni, na mabaki mengi ya kikaboni huipita vilevile. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma 18.2 kwenye mashine ya kusafishia maji na jaribio lake likaharibika papo hapo.

Anza na maji yanayoingia. Mombasa chanzo hubadilika bila taarifa: leo mfereji unatoa maji ya Mzima au Baricho, kesho umekauka na tangi limejazwa na lori, au mtu amewasha pampu ya kisima. Maji ya kisima cha kisiwani yamekaa kwenye mawe ya matumbawe na kuchanganyika na bahari, kwa hiyo yana chumvi na chokaa tele. Kila tangi likijazwa, pima upitishaji umeme kabla ya kufungua vali. Mashine nyingi za maabara hazipokei maji yanayozidi mikrosimensi 2,000 kwa sentimita. Hakikisha kwenye kijitabu cha yako.

Kisha pima klorini baada ya chujio la mkaa. Lazima isome sifuri. Klorini hula utando wa osmosisi ya kinyume, ule ambao maji husukumwa kupita ndani yake na chumvi ikabaki nyuma, na utando ukishaliwa hautengenezeki, hununuliwa mwingine. Chokaa nayo huuziba, hivyo tanguliza mtungi wa resini ya kulainisha maji. Maji yanayotupwa na utando, ambayo aghalabu ni mengi kuliko yanayopita, yakinge kwenye pipa: yanafaa kupigia deki na vyooni.

Joto husahauliwa sana. Maji ya tangi jeusi la juu ya paa, adhuhuri ya Februari, yanaweza kupita nyuzi 35, na hapo ndipo mashine nyingi zinapokomea. Utando wenye joto hupitisha maji upesi zaidi, lakini na chumvi pia, na mzigo huo unaangukia katriji ya mwisho, yenye resini inayonasa ayoni zilizobaki. Afadhali mashine ijaze tangi lake alfajiri. Joto hupotosha kipimo pia: kwenye nyuzi 30, maji yasiyo na doa husoma karibu 14 kama kipimo hakirekebishi joto. Katriji nzima zimetupwa kwa kosa hilo.

Wakati wa kuteka, mwaga lita 2 za kwanza za asubuhi, kwa kuwa zimelala kwenye mabomba. Subiri namba itulie. Suuza chombo mara tatu kwa maji hayohayo, ukitikisa mpaka kwenye kifuniko, kisha inamisha chombo maji yateremke taratibu ubavuni. Yakidondoka kutoka juu yanatoa povu, na kila kiputo kinaingiza hewa. Usivike mpira kwenye mdomo wa mashine ili ufikie ndoo. Mpira hutoa kemikali zake, na ndani yake huota utelezi wa bakteria ambao chujio la mikromita 0.22 haliwezi kuuzuia, maana maji huufikia yakishalipita chujio.

Yakishatoka, maji yanaanza kuharibika. Yanafyonza kaboni dayoksaidi, ukinzani unashuka mbio, na yakiachwa wazi huishia karibu megaohm 1, pH ikiwa karibu 5.7. Kwa hiyo usichote kwenye bika ukapime kuhakiki 18.2, kipimo cha kweli ni kile kilichomo ndani ya bomba. Kipima pH nacho kitayumbayumba tu, maji haya hayana ayoni za kukituliza. Karibu na bahari ongeza jambo moja: funga dirisha. Upepo unabeba chumvi, na anayetafuta sodiamu kidogo sana ataipata hata isipokuwepo kwenye sampuli.

Chombo hutegemea kazi. Kwa vipimo vya madini tumia plastiki safi iliyolowekwa asidi, kwa sababu kioo huachia sodiamu, boroni na silika. Kwa kutafuta vitu vya kikaboni, kioo ndicho bora, plastiki ndiyo inayochafua. Kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali za sampuli na kuchora kila moja kama kilele, teka siku ileile. Maji ya juzi huleta vilele visivyo na mwenyewe. Kwa RNA na seli, funga chujio la mwisho la kuzuia vimeng'enya na sumu za bakteria, kisha gawa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Kuoshea vyombo hayahitajiki: daraja la tatu linatosha, ukimalizia na suuzo moja la yale mazuri.

Resini ya katriji inapokaribia kwisha, silika na boroni hupenya kwanza huku namba ikisoma bado 18.2. Anayepima vitu hivyo abadilishe katriji kwa tarehe na kwa lita zilizopita. Taa ya urujuanimno ya nanomita 185 na 254, inayoua bakteria na kuvunja mabaki ya kikaboni, nayo hufifia ikiwa bado inawaka. Kwa kawaida hubadilishwa kila mwaka. Na umeme ukikatika usiku kucha, mzunguko wa ndani umesimama: asubuhi acha mashine izungushe maji nusu saa, mwaga lita 5, ndipo uteke.